Mguu wa Dwight Fugate

Kila Jumapili, ibada ikiisha katika kanisa letu dogo la Pine Fork, huku milimani Kentucky, hakuna anayekimbilia nyumbani. Akina mama hupanga kuku wa kukaanga, maharage na mkate wa mahindi kwenye meza ndefu, na watu hula mpaka mikanda ilegezwe. Maisie Slone, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akigawa mkate. Mama yake, Bi Rhonda, naye alikuja kula kama wengine, ila nani angemwacha ale?

Bi Rhonda alikuwa muuguzi aliyesoma zaidi, hata akapewa leseni ya kupima wagonjwa, kuwatibu na kuwaandikia dawa. Kliniki yake ilikuwa mjini, na barabara ya kwenda huko ni kona tupu. Basi watu wa kwetu, kwa uvivu na mazoea, walimvizia kanisani. Huyu alimwonyesha kiwiko, yule alimtolea ulimi kabla hajameza chakula. Mchungaji aliwatania kwamba iko siku watakuja ibadani na vichupa vya mkojo. Bi Rhonda alicheka na kumsikiliza kila mtu. Aliona ni ujirani tu.

Jumapili moja Dwight Fugate, dereva wa lori, alifika mezani akichechemea. Alikuwa baba wa Lettie, na Lettie na Maisie walikuwa chanda na pete. Dwight alikuwa ametoka safari ndefu. Alipandisha suruali, na shavu la mguu mmoja lilikuwa limevimba, jekundu, lina joto. Bi Rhonda, kipande cha kuku mkononi, alilibonyeza kwa kidole gumba. Akamwambia ni msuli umevutika, akaweke barafu na kupumzika. Dwight alishukuru, akamtania Maisie kwamba anakata mkate kibahili, akaenda zake.

Katikati ya wiki alianguka jikoni kwake, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Hospitali ilieleza kwamba damu ilikuwa imeganda mguuni, na bonge lake likapanda hadi mapafuni. Bi Rhonda alipopata habari alikaa chini sakafuni, akashindwa kulia.

Opal, mjane wa Dwight, alitafuta wakili ili amshtaki Bi Rhonda. Bi Rhonda naye alipewa wakili na kampuni ya bima, mwanamume mpole mwenye tai safi. Huyo alimwonya asiseme neno lolote na akina Fugate. Alisema atamtetea kwamba yale yalikuwa maongezi ya kwenye chakula, wala Dwight hakuwa mgonjwa wake. Maisie alisikia yote kutoka kwenye ngazi. Alielewa jambo moja: mama anaweza kunyang'anywa leseni.

Shuleni, wakati wa chakula cha mchana, Lettie alisimama mbele ya wenzao wote.

"Mama yako amemuua baba yangu," alisema.

Maisie aliona macho yote yamemgeukia. "Si kweli. Mama alimwambia aende hospitali. Baba yako ndiye aliyekataa."

Lettie alikaa chini taratibu, uso umemshuka. Maisie alidhani ameshinda, lakini alisukuma sahani yake kando.

Uongo huo ulifika kwa Opal siku hiyo hiyo. Jumamosi alikuja kwa akina Slone akiwa na Lettie, macho yamevimba. Alikataa kuketi.

"Rhonda, nisamehe," alisema. "Sikujua kama ulimwambia aende hospitali. Kesi naifuta. Tangu nisikie hivyo namgombeza marehemu kila nikipita kaburini kwake. Namuuliza kwa nini alikuwa mkaidi, kwa nini hakutuonea huruma."

Bi Rhonda alimkodolea macho, kisha akamgeukia binti yake. Maisie alijua kwamba wakinyamaza tu, mambo yameisha. Mama angebaki na kazi yake. Akamtazama Lettie, aliyekuwa ameinamia viatu vyake kama mtoto mwenye kosa.

"Mama hakumwambia hivyo," Maisie alisema, machozi yakimtiririka. "Nilidanganya. Alimwambia aweke barafu."

"Ni kweli, Opal," Bi Rhonda alisema. "Nilipaswa kumpeleka hospitali saa ile ile. Sikufanya hivyo."

Opal alijiegemeza mlangoni. Lettie ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo baba hakukataa. Kila jioni aliweka barafu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea."

Akaanza kulia, na mama yake akamkumbatia. Waliondoka bila kuaga.

Kesi iliendelea. Bima iliwalipa akina Fugate fidia, na baraza la wauguzi likasimamisha leseni ya Bi Rhonda. Wakili wake alikasirika sana kwamba alikuwa amekiri. Siku barua ya baraza ilipofika, Maisie alimwendea mama yake, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemponza.

"Hapana, mwanangu," Bi Rhonda alisema. "Nilipoushika ule mguu na kumwambia la kufanya, Dwight alikuwa mgonjwa wangu, hata kama tulikuwa tunakula. Sheria haiulizi kama nilimpenda. Inauliza nilipaswa kufanya nini, nikafanya nini, na nani ameumia. Kosa ni langu. Ule uongo wako ulilitoa kwangu ukambebesha maiti asiyeweza kujitetea, na mtoto wake akaanza kumchukia. Ulipousema ukweli, ulimrudishia Lettie baba yake. Leseni huenda nikaipata tena. Lakini Lettie baba mwingine hana."

Maisie aliuliza kama Lettie atakuja kuwa rafiki yake tena. Mama yake alimvuta karibu, akasema hajui.