Ubao wa Tatu

Jumamosi moja ya mwaka 1957, Asukile alikutwa amekufa chini ya boti yake, uani kwake Iyunga, mbali kabisa na ziwa lolote. Kichwa kimebanwa na mkuku, ule uti wa chini wa boti; miguu iko juani. Majirani walishakata shauri: jeki imeteleza, kazi ya Mungu.

Inspekta Marcelino Kalinga alipiga magoti. Jeki ilikuwa ya skrubu, imesimama wima, imeteremshwa mpaka mwisho. Jeki ya skrubu haishuki yenyewe hata uitukane. Mtu aliizungusha taratibu. Na kisogoni mwa marehemu palikuwa na jeraha la chuma. Kwenye sanduku la vifaa, spana zote zilikuwa na grisi isipokuwa moja, iliyofutwa ikang'aa.

"Boti ya nini huku milimani, mama?" alimwuliza mjane, Andendekisye.

"Aliinunua Kyela, kule ziwani, mbovu. Fundi alimwambia ang'oe ubao wa chini. Akasema fundi wa nini, nitaitengeneza mwenyewe. Pasaka ingebeba abiria."

"Nani alikuja leo?"

"Nilikuwa shambani. Labda Liberatus, dereva aliyeileta kwa lori. Huja kumsaidia."

Liberatus alikuwa Mhehe wa Kihesa, Iringa. Kalinga naye wa Idodi. Walisalimiana kikwao, "Kamwene," na Inspekta akaona uchungu kwa alichokuja kuuliza.

"Ulimwona Asukile leo?"

"Nilipita saa nne. Mzima, injini ya boti inanguruma. Kisha nikaenda kupakia kahawa mpaka saa nane."

"Ilinguruma kwa muda gani?"

"Nusu saa. Niliisikia nikibadilisha tairi."

Kalinga akashusha pumzi. "Ndugu yangu, injini ya lori ina rejeta. Ya boti haina, hupozwa kwa maji ya ziwa. Bila maji hukwama upesi, na pampu yake ya maji imelala mezani vipande vipande tangu juzi. Kwa nini ulitaka awe hai saa nne?"

Liberatus akaeleza.

"Binti yangu Yudith alikuwa mwalimu kule ziwani. Mwaka juzi alizama. Nilipokwenda kumchukua wakanionyesha boti aliyopanda: tundu kwenye ubao wa tatu kutoka mkukuni. Hii nilipoibeba ilikuwa imefunikwa turubai, sikuitambua. Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza, nimeinama chini yake kumsaidia, nikauona ubao uleule. Ameuziba kwa puti, akapaka rangi ya bluu. Nikachomeka bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Nikamsihi aung'oe, nikamwambia mwanangu alifia humo. Akasema, 'Rangi itashika.' Akanipa kisogo. Spana ilikuwa mkononi mwangu."

Kalinga aliandika yote.

"Mtaichoma, afande? Niambie hilo tu."

Kalinga alifunga daftari, akatoa pingu.

Liberatus alihukumiwa kunyongwa. Boti ilikuwa kielelezo cha mahakama, na kesi ilipokwisha ikarudishwa kwa mjane. Mara mbili Kalinga aliandika iteketezwe. Akajibiwa kuwa mali ya marehemu haichomwi. Andendekisye alikuwa na watoto wa kulisha, akaiuza.

Siku lori lilipokuja kuichukua, Kalinga alikwenda mwenyewe. Akamwonyesha mnunuzi ubao wa tatu, akachomeka kisu mbele yake, kikazama chote. Akamwambia na habari za Yudith.

Mnunuzi aliinama, akatazama, akapapasa rangi kwa kiganja.

"Usihofu, Bwana Inspekta," alisema. "Fundi wa nini? Nitaitengeneza mwenyewe."