Karoti za Kiwembe

Asubuhi katika jumba lile la ghorofa zilianza kwa vita. Bomba lilikuwa moja tu, pale uani, na maji yalitoka alfajiri yakakatika mapema. Basi fikiria mwenyewe: jumba zima limeshuka na ndoo, madumu na masufuria, kila mtu anataka kutangulia. Viwiko vilifanya kazi. Vidole vya miguu vilikanyagwa. Matusi nayo yalikuwa ya bure, hayakungoja foleni.

Aliyeogopwa kuliko wote pale bombani hakuwa mtu mzima. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, mtoto wa muuza nyama mwenye bucha pale chini, na watu walimwita Kiwembe. Hakuitwa hivyo kwa wembamba, hata! Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mdomo wake. Ukimgusa, umelamba kofi. Ukimcheka, utajuta kuzaliwa na meno.

Siku moja, katika msukumano ule, Miwani alimsogelea. Miwani alikuwa mtoto wa Mama Dobi, mwanamke aliyefua nguo za watu na kuzianika juu ya paa la jumba. Alisoma shule moja na Kiwembe, darasa moja nyuma yake. Alivaa miwani mizito iliyofungwa uzi mkono mmoja, na kila asubuhi alipandisha maji hadi juu ya paa ili mama yake afue.

"Kiwembe, samahani," alisema taratibu. "Zile ndoo zako za juu, naona kama..."

"Nani kakutuma uziangalie?"

"Hapana, nilitaka kukuuliza tu..."

"Niulize uone! Nitayang'oa hayo meno yote, umalizie swali lako kwa ufizi!"

Alikuwa ameshakunja ngumi. Watu wakacheka, maana wenzako wakitishwa bombani ni raha kidogo. Miwani akarudi nyuma, akachukua ndoo yake, akapanda ngazi kimya. Swali lake alipanda nalo.

Lakini usidhani watu wa jumba lile walikuwa hawana utu. Walikuwa na desturi moja ambayo hata wagomvi wakubwa waliiheshimu. Ukiona ndoo ya jirani haijajaa, unaijaza. Humwulizi mtu, hungoji kuambiwa asante. Maji yakikatika yamekatika, na ndoo nusu ni watoto watakaolala bila kuoga na sufuria litakalokaa bila kitu. Unaweza kumtukana mtu mpaka koo likauke, kisha ukamjazia ndoo yake, ukaenda zako.

Sasa, ndoo za Kiwembe za juu ya paa zilikuwa ndoo za shule. Mwanzoni mwa muhula alimvunja mwenzake jino kwa ajili ya kalamu. Kalamu yenyewe haikuandika! Mwalimu Mkuu, mama mfupi ambaye sauti yake haikupanda hata akikasirika, alimwita yeye na baba yake ofisini.

"Mkono huu," alisema, akiushika mkono wa Kiwembe, "kuvunja unajua. Nataka nione kama unajua na kukuza."

Shule yao ilikuwa na uwanja wa saruji tupu, hapana hata pa kupanda mchicha. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi alikuwa akilifundisha darasa la Kiwembe kukuza mboga za mizizi ndani ya maji, bila udongo. Kiwembe akapewa mbegu za karoti. Mwisho wa muhula alete karoti, na katika muda wote huo asimpige mtu.

"Ukimpiga hata mmoja," Mwalimu Mkuu alimaliza, "shule hii utaisikia kwa wenzako."

Kiwembe alitoka pale amezishika mbegu zake kwa mikono miwili. Pamoja na ukorofi wake wote, shule aliipenda. Hesabu zilimnyookea, na alijua kwamba siku akifukuzwa, atavaa aproni na kufukuza nzi buchani mpaka azeeke.

Baba yake alimpa ndoo nne kuukuu za bucha. Alizisugua hadi harufu ya damu ikaisha. Moja ilikuwa na ufa ubavuni, katikati, na Kiwembe akaisogeza pembeni kabisa kwa aibu. Alitoboa vifuniko kwa msumari wa moto, akapachika vipande vya sponji ya godoro kwenye matundu, ndani ya kila kipande mbegu. Akatia maji yaliyochanganywa na chakula cha mimea alichopewa na mwalimu. Upande mmoja wa kila kifuniko aliacha tundu la kuongezea maji.

"Karoti haitaki kuzama," mwalimu wa sayansi alikuwa amewaambia. "Mizizi ikirefuka, punguzeni maji. Ncha ndiyo inywe. Sehemu itakayonenepa ikae hewani, ipumue. Ukijaza ndoo pomoni, karoti itakosa hewa na itaoza. Na msifunue vifuniko hovyo, mwanga ukiingia maji yataota utando wa kijani."

Kiwembe alifanya vile vile. Mizizi iliporefuka, alipunguza maji hadi chini ya nusu. Majani yakachanua, mabichi kabisa. Baba yake alipanda kuyaona, akapiga mluzi. Kwa wiki kadhaa Kiwembe hakumgusa mtu. Alikunja ngumi, ndiyo, lakini alizitia mifukoni.

Halafu majani yakaanza kuwa ya manjano.

Siku ya kwanza alisema ni jua. Siku iliyofuata akasema ni upepo. Baadaye alipoyaona yamelala kabisa, akafunua kifuniko. Harufu iliyotoka ilimrudisha nyuma. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza mfano wa kamasi, na ndoo ilikuwa imejaa maji mpaka mdomoni. Akafunua ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo.

Damu ikamchemka. Kuna mtu! Kuna mtu anataka afukuzwe shule! Na alimjua ni nani, maana Mama Dobi alikuwa hakosi kulalamika kwamba ndoo zile zinamzuia kuanika. Juzi tu alisema, "Hivi vindoo vyako siku moja nitaviteremsha kwa ngazi, kimoja kimoja!"

Wakati huo huo mlango wa ngazi ukafunguka. Miwani akaingia na ndoo ya maji na jagi mkononi. Hakumwona Kiwembe nyuma ya shuka zilizoanikwa. Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya pembeni, ile yenye ufa, akachota jagi la maji, akamimina tunduni.

Kiwembe akachomoka nyuma ya shuka. Alimrukia.

Ngumi ya kwanza ilitua mgongoni, ya pili shingoni. Miwani akageuka, mikono imeinuliwa, anasema "Ngoja! Ngoja!" Hakuna aliyengoja. Alimkaba kola, akamsukuma kwenye kamba, kamba ikakatika, shuka nyeupe zikawaangukia wote wawili. Chini ya shuka ilikuwa patashika nguo kuchanika. Kiwembe alipiga teke ndoo zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, maji machafu na mizizi iliyooza vikatapakaa paa zima. Kisha akaishika ndoo tupu kwa mpini wake wa chuma, akaizungusha kwa nguvu zake zote.

Ikampata Miwani usoni. Kioo kililia kacha!

Mama Dobi aliposikia ukelele alipanda ngazi mbili mbili. Alichokiona ni mwanawe amepiga magoti, damu inampita katikati ya vidole, na Kiwembe amesimama na ndoo mkononi. Mama huyu alikuwa na mikono ya kukamua mablanketi. Kofi lake lilimzungusha Kiwembe, la pili likamkalisha chini.

"Umeniulia mtoto! Leo utanitambua!"

"Mama, mwache!" Miwani alipiga kelele. "Hakunipiga! Nimeteleza kwenye maji, nikaangukia ndoo. Mwache!"

Mkono wa Mama Dobi ulibaki juu hewani.

"Mama," Miwani akasema tena, sauti imekuwa ndogo. "Jicho hili halioni."

Hapo kelele zote zilikatika. Jirani mmoja aliyekuwa amefika mlangoni akakimbilia buchani. Kiwembe alikaa pale chini katikati ya karoti zake mbovu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akauogopa mkono wake.

Baba Kiwembe ndiye aliyemchukua Miwani. Alimbeba mikononi akakimbia naye hadi zahanati, aproni yake ikiwa bado na damu ya ng'ombe, hata muuguzi akataka kumlaza yeye kwanza. Wakampokea mtoto, wakafunga mlango. Nje, kwenye benchi, walikaa watatu: muuza nyama, Mama Dobi na Kiwembe.

Baada ya muda mrefu Mama Dobi alimgeukia Kiwembe. Shavu la msichana lilikuwa limevimba, alama za vidole zinaonekana.

"Mwanangu," alisema, machozi yakimlengalenga, "nisamehe. Nimekupiga bila kukuuliza. Mtoto wa mwenzangu, hana kosa, mimi namshushia makofi. Ni hasira tu. Nisamehe sana."

Kiwembe alitamani sakafu ifunguke immeze. Lile kofi halikumuuma kama msamaha ule. Akiongea, shule ndiyo basi. Akinyamaza, hakuna atakayejua, kwa kuwa Miwani mwenyewe alishasema ameteleza.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi alisema kioo kimekata kope na nyusi, lakini mboni ya jicho imepona. Damu ndiyo iliyomziba asione. Wameshona, wamefunga bandeji, ataona vizuri. Mama Dobi akaangua kilio cha furaha, akaingia ndani mbio, na wengine nyuma yake.

Kiwembe alisimama miguuni pa kitanda.

"Kwa nini ulizijaza ndoo zangu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa inakwaruza.

Miwani alimtazama kwa jicho moja, kama vile swali lenyewe halieleweki. "Zilikuwa nusu," alisema. "Kila nikichungulia ni nusu. Nikajua wewe uko buchani asubuhi, humudu kupandisha maji. Ile yenye ufa ndiyo ilinisumbua kweli, naijaza kila siku na kila siku iko nusu! Nilitaka kukuuliza, siku ile bombani. Ukasema utaning'oa meno."

Kiwembe alikumbuka. Aliikumbuka ngumi yake mwenyewe, na kicheko cha watu, na Miwani akipanda ngazi kimya.

"Mama Dobi," alisema, "usiniombe msamaha mimi. Hakuteleza. Ni mimi. Nilimpiga kwa ndoo, makusudi. Anaongopa ili nisifukuzwe shule."

Mama Dobi alimtazama mtoto wake, kisha akamtazama Kiwembe. Mkono wake uliinuka kidogo. Halafu akaurudisha, akaushika kwa mkono wa pili, akaketi.

"Nenda kayaseme hayo shuleni," alisema mwishowe. "Huku nimeyasikia."

Kiwembe alikwenda, kesho yake, na baba yake. Alisema yote bila kupunguza. Mwalimu Mkuu alisikiliza mpaka mwisho kwa utulivu wake ule ule.

"Nilikuambia nini?" aliuliza.

"Kwamba nikimpiga mtu, shule sina."

"Na neno langu halibadiliki. Muhula huu umekwisha kwako, toka leo. Kwa vile hukufuatwa, umejileta mwenyewe, muhula ujao nitakupokea. Lakini utarudi siku hiyo ukiwa umefuatana na Miwani, na yeye ndiye atakayeniambia kama uingie."

Waliporudi, muuza nyama aliingia naye buchani. Alifunga aproni, akachukua kisu, akakiweka juu ya gogo la kukatia.

"Mwanangu, nitazame vidole. Viko vyote, sivyo? Kutwa nashika kisu, lakini kisu hiki hakishuki kabla jicho halijaona na kichwa hakijakubali. Wewe unashusha kwanza, halafu ndio unatazama umekata nini. Yule mtoto alikuja kukuuliza. Ungemwacha amalize swali, ungemwambia 'usijaze,' basi, yamekwisha. Karoti zako ziliuawa na ngumi yako siku ile bombani. Mtu anayetishwa huondoka na alichotaka kukuambia, na hujui alichoondoka nacho. Kabla ya kupiga, uliza. Na ukiulizwa, sikiliza."

Kiwembe alilia pale pale mbele ya wateja, na hakumpiga hata aliyemcheka.

Tangu siku ile yeye ndiye aliyepandisha maji ya Mama Dobi. Siku ya kwanza, alipokuwa akifagia uchafu wa paa, aliikuta ile ndoo yenye ufa. Teke lake halikuifikia. Akafunua kifuniko. Maji yote yaliyomiminwa yalikuwa yamevuja hadi usawa wa ufa, na juu yake, hewani, karoti zilining'inia, fupi, zenye vidole viwili vitatu, za rangi ya machungwa kabisa. Akazing'oa, akaziosha, akampelekea Miwani nyumbani kwao. Miwani alitafuna moja, bandeji imemfika nusu ya uso.

"Tamu," alisema. "Ila imekaa kama mguu wa kuku."

Muhula mpya ulipofika, asubuhi ya kwanza, kabla hawajafuatana kwenda kwa Mwalimu Mkuu, bombani vita vilikuwa vile vile: viwiko, madumu, matusi. Miwani alisimama nyuma ya Kiwembe, miwani mipya usoni, kovu jekundu juu ya jicho.

"Kiwembe, samahani," alianza. "Nilitaka kukuambia..."

Watu wakasogea pembeni kupisha ngumi. Kiwembe akatua ndoo yake chini, foleni ikampita, akageuka kumtazama.

"Sema," alisema. "Nakusikiliza mpaka mwisho."

"Umenikanyaga mguu."