Ng'ombe Ndani ya Wimbo

Mama Eliufoo, jirani wa kina Kindness, anadai alikuwa anakamua, ndoo imekaribia kujaa, mara ngoma ikalia kutoka migombani: du! du! du! Ng'ombe wake, Malaika, akaruka juu kama mbuzi, akaipiga ndoo teke, na tangu hapo maziwa yamekata. Kila akisimulia, Malaika huruka juu zaidi.

Ngoma ilikuwa ya Kindness. Hilo halina ubishi.

Kindness ana miaka kumi na mitatu. Jesse, mtoto wa mama yake mkubwa, alimwazima kompyuta yake ya zamani. Jesse mwenyewe alianza kutengeneza muziki kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Sasa ana studio Moshi mjini, na kwaya kutoka Kahe hadi Sanya Juu humfuata awarekodi.

"Kwanza chagua kasi ya mdundo," alimfundisha. "Kisha kila sauti iwe na mstari wake hapa kwenye kioo. Ngoma wake, kinanda wake, waimbaji wao. Kitu kikishaingia kwenye mstari wa waimbaji, ni kama chumvi ndani ya maziwa. Huitoi tena."

Kwaya ya vijana ilipomwomba Kindness awarekodie wimbo wa sikukuu ya mavuno, Jesse alimwambia, "Ukiufanya vizuri, likizo ya Desemba unakuja kufanya kazi na mimi studio." Kindness aliruka hadi akamwaga chai.

Walirekodi jioni, sebuleni kwa kina Kindness. Kipaza sauti kilifungwa kwenye ufito. Kwaya iliimba mpaka mwili ukasisimka! Lakini walipoondoka, Kindness akavaa spika za masikioni, akasikia katika ubeti wa pili: "Mooo!" Alikuwa Malaika.

Angewaita tena, lakini aliona aibu. Akapandisha ngoma pale pale, du! du! du!, sauti ya ng'ombe ikafunikwa.

"Tayari?" aliuliza Stella, kiongozi wa kwaya.

"Tayari kabisa, dada."

Jumamosi akaujaribu kwa spika kubwa. Ndipo ndoo ya Mama Eliufoo ilipopigwa teke.

Kesho yake Jesse alikuja. Alisikiliza amefumba macho.

"Rudisha nyuma. Hapa ngoma imevimba ghafla. Inaficha nini?"

"Haifichi kitu, kaka."

"Kindness."

Kindness akauzima mstari wa ngoma. "Mooo!" Mama yake Kindness alicheka mpaka mwiko ukamdondoka. Jesse hakucheka.

"Ng'ombe kulia si kosa lako. Kosa ni kumwambia Stella wimbo uko tayari. Kwaya nzima inategemea masikio yako. Nitakupelekaje studio hivi?"

Machozi yakamlengalenga Kindness. "Nitarekodi upya. Nitawaambia ukweli. Lakini Malaika atalia tena."

"Jioni analilia nini?"

"Njaa. Majani yanakuwa hayajafika."

"Basi unajua la kufanya."

Jumatatu baada ya shule, Kindness alishuka bondeni akakata majani, mzigo mzima. Juu yake akachomeka jani la isale, kwa maana kwa Wachaga, anayekuja na isale kuomba msamaha harudishwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kummalizia ng'ombe wangu?"

"Nimekosa, mama. Nilipiga ngoma ile kuficha kosa langu. Nisamehe. Tena naomba Malaika ale mapema leo, turekodi upya."

Mama Eliufoo alilitazama jani, akautazama mzigo. "Umechuma isale kubwa hivi, nitakataaje?" Akalipokea. Kisha akasema polepole, "Na yale maziwa… hayakukata yote. Yalimwagika kidogo tu."

Kwa Stella haikuwa rahisi. "Yaani tuimbe tena kwa sababu ya ng'ombe!" alifoka, lakini aliwaita wenzake. Waliimba vizuri kuliko mwanzo, na Malaika akatafuna kimya. Kindness akapanga mistari, akaishusha ngoma, akausikiliza wimbo kwenye simu, kisha kwenye redio ndogo ya mama. Kila sauti ilisikika wazi!

Jesse aliusikiliza hadi mwisho, akatabasamu. "Desemba usibebe sweta. Mjini joto."

"Kweli, kaka?" Kindness akamrukia shingoni.

"Kweli. Sasa sikia. Vifungo vya kompyuta kila mtu atavijua. Lakini kazi watu humpa yule ambaye akisema 'tayari', hawana haja ya kuuliza tena. Ukikosea, sema, kisha urudie. Ndivyo fundi anavyokua."

Siku ya mavuno wimbo ulipigwa nje ya kanisa, watu wakacheza kwa furaha. Mama Eliufoo akamvuta Kindness pembeni, simu mkononi.

"Huu mzuri, mwanangu. Lakini ule wa kwanza, wenye Malaika… hujaufuta, sivyo? Naomba unirushie. Ng'ombe wa nani mwingine ameimba kwaya?"

Kindness akamtazama Jesse, aliyesimama karibu. Jesse akatazama migomba, akibana kicheko.