Hodi ya Tatu

"Dada Obdulia, Rutilio wangu hakubisha kwenu asubuhi ile askari walipotutawanya kijijini?"

Jirani yangu Jacinta aliniuliza hivyo mara moja tu, mwezi ule tulioingia kambini Honduras, tukikanda unga wa mgao. Nilimjibu hakubisha. Basi akaamini kwamba mwanawe alivuka mto wa mpakani na kundi jingine. Kila lori la wakimbizi lilipofika alikwenda kutazama nyuso, na kila siku alimwekea mkate mmoja wa mahindi kwenye kitambaa alichotembea nacho.

Mjukuu wangu Marleni, wa miaka kumi na mmoja, alikuwapo nilipojibu.

Desemba ikafika. Kama kule kwetu El Salvador, watoto walijiandaa kuigiza Yosefu na Mariamu wakiomba pa kulala. Wenye nyumba huwakatalia mara mbili, kisha kwa hodi ya tatu hufungua. Katekista Anselmo alimpa Marleni nafasi ya mwenye nyumba. Mlango ulikuwa ubao wa sanduku la msaada. Mimi na Jacinta tulikaa kando tukitazama mazoezi, yeye akishona joho la Mariamu.

Yosefu akabisha. Marleni akafungua papo hapo.

Wenzake wakacheka. Anselmo akamwambia, "Mwanangu, ukifungua mapema hivyo igizo litakwisha kabla punda hajafika. Wafukuze kwanza."

Wakaanza upya. Akafungua tena. Mvulana aliyekuwa punda akanung'unika kwamba magoti yanamuuma, nafasi ile apewe mtu mwenye masikio. Mara ya tatu Marleni aliukumbatia ule ubao.

"Siwezi kumwacha nje," akasema. "Rutilio alibisha mara tatu, tukanyamaza."

Sindano ya Jacinta ikasimama. Aliniangalia mimi, si mtoto.

Ningeweza kusema mtoto ameota. Wangeniamini, maana mimi ndiye niliyewaongozea rozari kila jioni. Lakini Marleni naye alikuwa ananitazama.

"Alibisha," nikasema. "Askari walikuwa wanamfuata. Nilimziba Marleni mdomo. Tulipotoka tulimkuta kizingitini, amekwisha kufa."

Hata punda alisimama wima. Nikamvuta Marleni karibu, nikasema wenzake wakisikia:

"Wewe hukukosea. Siku ile niliogopa, na Mungu anaujua woga wangu. Lakini uongo niliusema hapa, nikikanda unga, hakuna aliyenishikia bunduki. Nimemwacha mama wa watu amwekee marehemu mkate miezi tisa. Ukweli unauma, mjukuu wangu, ila uongo humnyima mtu hata kilio chake."

Jacinta alikata uzi kwa meno. Akalikunja joho, akampa Marleni. Kisha akafungua kile kitambaa, akautoa mkate wa siku ile, akauweka mapajani pangu, akatoka.