Picha Iliyotoka Jikoni

"Friji limefunguliwa."

Maneno mawili tu. Ngwini aliyasikia kwenye kifaa cha sikioni saa nne na dakika saba asubuhi, akiwa kwenye foleni ya magari, mguu mmoja chini, pikipiki ikinguruma. Aligeuza palepale, akapanda ukingo wa barabara. Dereva wa lori alimtukana mpaka akaishiwa matusi.

Ngwini halikuwa jina lake. Wenzake wa idara ya ujasusi walimpachika kwa sababu ya stika ya yule ndege mwenye tumbo jeupe, nembo ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aliyoibandika kwenye kila kompyuta aliyoishika. Walimtania sana. Kompyuta zao zikigoma, walimkimbilia yeye.

"Nakusikia, Mkuu. Sema."

"Tumenasa simu ya Bosi Barafu." Mkuu alikuwa mwanamke asiyepoteza pumzi. "Ameiona picha ya daftari."

Ngwini aliongeza mwendo.

Bosi Barafu aliuza mafriji mchana kweupe, na ndani ya mafriji aliingiza bunduki. Miezi mitano idara ilimvizia bila kupata kitu, ila ukurasa mmoja wa daftari: orodha ya mizigo ya siri, iliyonakiliwa kwa mkono na karani wa ghala lake, mwanamke mpole mwenye watoto wawili na roho ngumu kuliko ya wanaume wengi. Ngwini aliupiga picha ukurasa huo juu ya goti lake, ndani ya gari la idara, kisha Karani akauchoma. Simu ya kazi ilikuwa imeisha chaji. Ngwini alitumia yake mwenyewe.

"Ameiona ndogo, haisomeki vizuri," Mkuu aliendelea. "Fundi wao amemwahidi kubwa kabla ya saa sita. Akiipata, atawakalisha makarani wote sita waandike, alinganishe mwandiko. Asipoipata, anawaua wote sita. Kasema mwenyewe."

"Kikosi?"

"Saa sita na robo. Bosi anafika ghalani saa sita kamili, siwezi kuingia kabla yake. Ngwini, picha ile tulikuwa nayo mimi na wewe tu. Aliyekuendesha siku ile ni Dereva. Nimeshamweka ndani, anahojiwa."

Hapo ndipo mtu alipaswa kufungua mdomo. Ngwini tayari alikuwa na wasiwasi, tena wasiwasi wenye anwani: jikoni kwake, kabati la chini, pembeni ya mtungi wa gesi.

"Sawa, Mkuu," alisema.

Basi. Jasusi aliyewahi kuruka kutoka ghorofa ya tatu alishindwa kusema sentensi moja.

Alifika kwake saa nne na nusu, akapiga magoti mbele ya kabati.

Kompyuta ya mapajani, ThinkPad kuukuu isiyo na kioo. Debian, aina mojawapo ya Linux, ndani yake. Diski mbili alizoziokoa kwenye kompyuta zilizotupwa, feni imefungwa kwa waya. Hiyo ndiyo seva yake, kompyuta ya kuhifadhia picha, na aliijivunia kama watu wanavyojivunia gari. Picha zangu siziweki kwa kampuni za watu, alikuwa akisema, naziweka kwangu. Kila picha aliyopiga kwa simu yake ilijipeleka yenyewe kabatini, bila kuulizwa.

Kila picha.

Alisoma kumbukumbu za seva kwenye simu yake. Jina la aliyeingia: jaribio. Nywila: jaribio.

Debian haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa lake, na alilikumbuka mpaka siku. Mama yake alikuwa aking'ang'ania kuona picha za wajukuu. Ngwini akafungua njia kwenye ruta, kile kifaa cha intaneti, akatengeneza akaunti ya kujaribu kama albamu inaonekana kutoka nje. Ikaonekana. Akafurahi mno, akampigia mama, akajiambia jaribio atalifuta kesho. Wiki hiyohiyo aliwafundisha idara nzima kuhusu nywila, siku mbili, kwenye ubao mweupe, akiwacheka waliotumia majina ya watoto wao.

Uso ulimwaka moto, na jikoni hapakuwa na mtu wa kumwona.

Mwizi alikuwa ameingia siku tatu zilizopita. Alichukua vijipicha vidogo vya albamu. Mara mbili alijaribu kuvuta ile kubwa, mara mbili diski kuukuu ikakwama katikati. Karani alikuwa hai kwa sababu ya ubovu wa diski, si kwa akili ya Ngwini.

Mkono wake ulienda kwenye waya wa umeme. Ukasimama.

Makarani sita.

Aliinuka, akachukua daftari la mistari na kalamu ya buluu. Akaanza kuunakili ukurasa upya kutoka kwenye picha, mstari kwa mstari, kufutafuta kulekule, doa la chai kwenye pembe ileile. Angeweza kuiga mwandiko wa mmoja wa vibaraka wa Bosi. Lakini yeyote ambaye mwandiko ungemwangukia angekufa, na leo Ngwini alishaponza watu wa kutosha. Akaandika kwa mwandiko wake mwenyewe, mbovu, umeinama kushoto.

Aliuweka gotini, akaupiga picha.

Simu ikaipeleka kabatini bila kuulizwa. Akaipa jina la ile ya zamani, akaihamishia kwenye diski ya pili isiyokwama, ile ya zamani akaifuta.

Saa tano na dakika ishirini, jaribio aliingia.

Asilimia kumi. Ishirini. Thelathini.

Ikaganda.

Kulikuwa na mtu mwingine kwenye albamu, anavuta mtandao wote. Simu ikalia.

"Mwanangu, mbona picha zako zinazunguka tu, hazifunguki?"

"Shikamoo, mama. Toka kwenye albamu."

"Marahaba. Nitoke? Nafukuzwa kwa wajukuu wangu?"

"Mama, nakuomba."

"Una nini wewe? Sauti yako siipendi."

"Nimeharibu kitu, mama. Kikubwa. Toka tu."

"Haya. Nimetoka. Nenda kakitengeneze."

Hamsini. Tisini. Mia.

Ngwini alichomoa waya, akachukua bastola yake, Glock, akakimbilia pikipiki.

Saa sita na dakika tano alikuwa ndani ya ghala, amejibanza nyuma ya maboksi ya mafriji. Makarani sita walikaa kwenye meza moja ndefu, wanaandika. Bosi Barafu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alipita nyuma yao na tableti mkononi, akiikuza picha kwa vidole viwili.

Alisimama kwa Karani.

"Mbona unatetemeka, mama?"

"Nina homa, bosi."

Aliangalia karatasi yake. Akaangalia tableti. Ngwini alielekeza bastola, kidole kwenye kifyatulio.

"Siye," Bosi alisema. Alimaliza mezani, akarudi, akasonya. "Hakuna hata mmoja. Aliyeandika hivi hata kazi ya ukarani asingepewa."

"Ngwini," Mkuu alinong'ona sikioni. "Tuko mlangoni."

"Ingieni."

Milango miwili ikaanguka kwa pamoja. Mlinzi aliinua bunduki. Ngwini alimpiga risasi ya bega. Bosi alikimbilia mlango wa nyuma, akamkuta Ngwini, akaona mdomo wa bastola, akaketi chini mwenyewe kama aliyechoka. Ndani ya mafriji kumi ya kwanza walikuta bunduki arobaini.

Karani alimshika Ngwini mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa baridi.

"Asante, kaka. Umeniokoa. Watoto wangu..."

"Usinishukuru, dada."

Alidhani ni unyenyekevu. Akashukuru tena.

Idarani walimpigia makofi kwenye ngazi. Ngwini alipita bila kuinua macho mpaka ofisi ya Mkuu. Dereva alikuwa pale, ameachiwa dakika hiyohiyo kwa kukosekana ushahidi, anarudisha kamba kwenye viatu vyake.

Ngwini aliweka daftari mezani, juu yake bastola, juu yake kitambulisho.

"Huu ni mwandiko wangu," alisema. "Picha ilivuja kwangu. Jikoni kwangu. Akaunti ya jaribio, paswedi jaribio. Nilishuku tangu saa nne, Mkuu, nikanyamaza. Dereva akaendelea kuhojiwa na mimi nimenyamaza."

Aliyejibu kwanza ni Dereva, bado ameinamia kiatu.

"Paswedi yangu ina herufi ishirini," alisema. "Nilibadilisha ulipotufundisha. Mke wangu alinicheka."

Ngwini angependa atukanwe.

Mkuu alivuta bastola na kitambulisho upande wake. "Yule dada anajua?"

"Hajui."

"Yuko chumba cha tatu, anaandika maelezo. Amekuwekea kikombe cha chai, anasema mpaka uje mnywe wote."

Ngwini alitoka. Alitembea korido nzima taratibu, mgongo umenyooka, na vijana wa kikosi walisogea kumpisha, mmoja akamwambia mwenzake kwamba mtu ni yule. Alisukuma mlango wa tatu. Karani aliinuka, anacheka, akamsogezea kikombe.

Ngwini alikaa. Kikombe hakukigusa.

"Dada," alisema, "walikuwekea kalamu mkononi kule ghalani leo kwa sababu yangu."