Plagi Iliyoingia Bila Shida

Kila siku baada ya masomo, Vestina alipita nyumbani, akavua sare, akala ugali wake na kwenda ukumbi wa parokia. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi kwenye chumba cha kompyuta. Katika mji wa Mpanda, wakati wa kiangazi vumbi hupenya popote, hata chini ya kitambaa kilichofunika mashine. Vestina alifuta polepole kwa pamba, kama Mwalimu Eustace alivyomfundisha.

Ilikuwa mwaka 1999, na kompyuta ilikuwa moja tu. Ilitoka kiwandani ikiwa imeunganishwa tayari, na tangu ifike hakuna aliyewahi kubadilisha kitu ndani yake. Jioni umeme wa mji ulipowaka, watu wazima walikuja kujifunza kupiga chapa. Mmoja wao alikuwa Prisila, mama yake Vestina, aliyeuza karanga sokoni. Jumamosi moja ya mwezi ule angepimwa na mgeni kutoka Sumbawanga. Akifaulu, chama cha wakulima wa tumbaku kingempa kazi ya kupiga chapa ofisini.

"Mashine hiyo muiangalie kama yai," Prisila aliwaambia Vestina na watoto wenzake wa usafi kila alipoingia. "Riziki yetu imo humo."

Mwezi ule Claude, binamu yake Vestina kutoka kijiji cha Katumba, alipokea kifurushi kutoka kwa kaka yake aliyekuwa Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na kadi ya picha, kifaa cha kuchomeka ndani ya kompyuta ili picha zionekane vizuri, na mchezo wa mashindano ya magari. Mwalimu Eustace aliwaahidi watoto waliofanya usafi kwamba wataucheza. Aliichomeka kadi, magari yakatokea kwenye kioo yakiwa yanang'aa, barabara ikakimbia. Mara mashine ikazimika. Waliwasha tena, ikazimika tena.

"Kadi hii inakula umeme mwingi," alisema mwalimu. "Kisanduku cha umeme kilichomo humu, kile mafundi wanachokiita pawa saplai, ni kidogo. Kinaelemewa, kinajizima. Tutaweka kikubwa zaidi."

Kisanduku kikubwa kilipatikana kwa fundi mmoja wa Tabora, kikaletwa kwa treni. Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya Prisila kupimwa na umeme ukiwa haujawaka, mwalimu alifungua mashine, akatoa kisanduku cha zamani na kukaza kipya kwa skrubu.

"Vestina, kabla hatujachomeka ndani ya mashine hii plagi kubwa ya kisanduku kipya, ilinganishe na ile ya zamani," alisema. "Waya kwa waya, rangi kwa rangi, mpaka mwisho. Ukimaliza uniambie. Naenda kufungua ukumbi."

Vestina aliziweka plagi mbili mezani, akainama. Zilikuwa na umbo moja na matundu sawa. Waya za mwanzo zilifanana rangi. Akaendelea taratibu, kidole juu ya kila waya.

"Unahesabu nini, karanga za mama yako?" Claude alimcheka.

"Nyamaza, nitapotea."

"Acha uoga bwana! Kwetu Katumba redio ikichoka tunafunga betri za ziada kwa nje, tunakaza na mpira wa baiskeli, inaimba mpaka majirani wanakuja. Umeme ni umeme tu. Hebu lete."

Vestina alilijua jambo hilo. Hata nyumbani kwao walifanya hivyo, na redio haikuwahi kuharibika. Akampa plagi. Claude akaisukuma, ikaingia bila shida yoyote.

"Umeona? Ingekuwa si yake, ingeingia?"

Taa za ukumbi zikawaka. Wanafunzi wa jioni waliingia wakisalimiana, na mwalimu akarudi.

"Umelinganisha waya zote?"

Vestina alimtazama Claude, kisha akatazama sakafu. "Ndiyo, mwalimu."

Ilikuwa desturi ya darasa lile kuomba kabla ya kuanza kazi. Jioni ile zamu ilikuwa ya Prisila. Alifumba macho akasema kwa sauti tulivu, "Bwana, tunakushukuru kwa chombo hiki. Wabariki watoto hawa walioifanya kazi yao kwa uaminifu. Utusaidie Jumamosi, maana bila wewe hatuwezi. Amina."

"Amina," walijibu wote. Vestina alipofumbua macho aliona kidole cha mwalimu kinaelekea kwenye kitufe.

"Mwalimu, usiwashe!"

Kidole kikasimama.

"Wee Vestina!" Claude alinong'ona huku akimkanyaga mguu.

"Nimesema uongo, mwalimu. Sikulinganisha waya zote. Nimeangalia chache, halafu tukachomeka."

Kwanza mwalimu alichomoa waya wa ukutani. Kisha akaichomoa plagi mpya na kuiweka kando ya ile ya zamani. Safari hii ni yeye aliyepitisha kidole. Katikati ya safu kikasimama.

"Njooni muone. Hapa kwenye ya zamani kuna waya mweusi. Kwenye mpya, tundu lilelile lina mwekundu. Na huku vivyo hivyo. Umeme ungeingia mahali pasipotakiwa, mashine ingeungua papo hapo."

Prisila alishika kifua. "Na Jumamosi ningepiga chapa kwenye nini? Kwenye meza?"

"Lakini mwalimu, iliingia vizuri," Claude alisema kwa sauti ndogo.

"Iliingia, ndiyo. Kiwanda kilichounda mashine hii kilitumia plagi ya umbo la kawaida, lakini waya kikazipanga kivyake. Kuingia hakutoshi."

Kesho yake mwalimu alipima kila waya wa kisanduku cha zamani kwa mita, kile kipimo cha umeme. Akaikata plagi ya kile cha zamani na kuiunganisha kwenye kisanduku kipya kwa risasi iliyoyeyushwa, kila waya mahali pake. Claude alishika koleo. Vestina aliulinganisha mpango wa waya kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akarudi kuanzia mwisho hadi mwanzo.

"Vipi?" mwalimu aliuliza.

"Ziko sawa zote, mwalimu. Washa."

Feni ikaanza kuvuma. Kioo kikawaka. Magari yakatoka, yakapita madaraja, na hata Claude alipoliingiza lake mtoni mashine haikuzimika. Watoto walipiga kelele mpaka Prisila akawatoa. "Haya, tokeni na magari yenu! Nina barua ya kuandika."

Jumamosi aliiandika barua hiyo mbele ya mgeni bila kosa, na akapata kazi. Jioni Mwalimu Eustace aliwaita Vestina na Claude.

"Yule fundi wa Tabora ametuuzia kompyuta mbovu kwa bei ndogo, tuitengeneze wenyewe," alisema. "Jumatatu tunaifungua. Vestina, wewe ndiye utakayekagua plagi."

"Mimi? Baada ya kukudanganya?"

"Ulidanganya kwa sababu uliogopa kuchekwa. Halafu ukasema kweli mbele ya ukumbi mzima, na hapo ndipo ungechekwa zaidi. Mtu akiulizwa kama kazi imekwisha na haijaisha, jibu lake ni 'bado'. Ni neno fupi, wala halimwaibishi mtu. Lisemeni mapema, msingoje kidole kifike kwenye kitufe. Mungu anatusikia hata kabla hatujasema amina."

Akampa Vestina bisibisi.