Shikamoo Kwenye Mafunjo

Kiboko hakubisha hodi. Aliuinua mtumbwi kwa mgongo, akaung'ata ubavu pamoja na paja la Elpidius, kisha akazama zake. Joviana aliibuka akitema tope. Elpidius, baba yake mdogo, alikuwa amening'inia ukingoni mwa mtumbwi, na maji yaliyomzunguka yalikuwa mekundu.

Alimpandisha kwa taabu, akalikaza paja kwa kanga yake. Kasia moja lilibaki, na sanduku la droni lilikuwa linaelea, akaliopoa. Simu zote mbili zilikwenda na maji.

"Turudi tulikotokea," Elpidius alisema.

Warudi wapi? Asubuhi waliingia kwenye kinamasi hiki cha Mto Kagera, upande wa Kyerwa, kwa njia pana ya maji. Ushirika wa wavuvi ulitaka picha za mazalia ya samaki. Mchana upepo wa mvua ukasukuma visiwa vya mafunjo vinavyoelea, vikaiziba njia nyuma yao. Sasa kila upande ulikuwa ukuta wa kijani uliomzidi mtu kimo. Nani angewasikia huku? Hakuna.

"Shikamoo, baba mdogo," Joviana alisema alipoona macho ya mzee yanajifumba.

"Marahaba." Akafumbua. "Si ulishanisalimia asubuhi, wewe?"

"Nakusalimia tena."

Alimjua. Kule kwao Nyabiyonza, hata awe amenuna vipi, Elpidius hakuwahi kuiacha salamu ya mtoto idondoke. Basi, angemshikilia asizimie kwa salamu hiyo hiyo.

Betri zilikuwa mbili. Joviana alirusha droni kwa lenzi pana ili aone kinamasi kizima. Kioo cha rimoti kilionyesha mkeka wa kijani usio na njia. Akabonyeza kitufe, akabadili kwa lenzi ya kuvuta vya mbali karibu: mashina ya mafunjo, na nyuma yake mafunjo mengine. Alipanda, akashuka, akazunguka, mpaka betri ikaisha na droni ikarudi bure. Alitamani kuibamiza majini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Utanichosha, mwanangu." Alikuwa anatetemeka. "Maji ya kunywa yapo?"

Alimnywesha yaliyobaki kwenye chupa. Kanga yote ilikuwa imelowa damu.

Jua lilikuwa limeshuka. Mwanga wake ulipiga maji ukamchoma Joviana machoni, akainamia rimoti na picha ya mwisho iliyobaki pale. Kwenye picha ile, maji yaleyale waliyokuwa juu yake yalikuwa meusi, huwezi kuyatenga na kivuli cha mafunjo. Lo! Kichujio! Asubuhi alifunga kwenye lenzi kichujio cha kuua mng'ao, aone samaki chini ya maji. Na ndicho hicho alichotafutia njia ya maji muda wote ule, huku mzee anavuja damu.

"Mjinga mimi!" alipiga kelele. "Mjinga!"

Alikibandua kwa kucha, akakitupa. Betri ya pili. Lenzi pana. Akapunguza mwanga wa kamera mpaka picha ikakaribia kuwa giza, kibaki kinachong'aa tu. Droni ikapanda, akaielekeza upande wa jua. Kushoto kwao ukatokea uzi mweupe wa maji. Ulipinda nyuma ya kisiwa, ukaenda hadi kwenye maji mapana, na hapo palikuwa na moshi wa jiko.

"Njia ipo! Baba mdogo, shikamoo!"

"Mara... haba."

Hakuisubiri droni ishuke. Aliiacha ijifie huko juu, akapiga kasia. Penye mafunjo aliyavuta kwa mikono, yakamkata viganja, naye akalia kwa sauti bila kujali.

"Shikamoo." Kimya. "Shikamoo, baba mdogo!"

Pumzi ndefu, kisha marahaba ndogo sana, ya midomo tu. Joviana akaongeza kasi.

Mtumbwi uligusa nchi kavu jua likizama. Alisikia nyayo za watu kwenye tope, lakini hakuinua kichwa. Alimwinamia Elpidius, akamshika mashavu kwa viganja vyake vyenye damu.

"Shikamoo," alisema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Alicheka huku machozi yanamtoka, mpaka alipoona midomo iliyo mbele yake haijasogea. Aliyeitikia alikuwa mvuvi mzee aliyesimama nyuma yake, wavu begani, akidhani amesalimiwa yeye.